Ufunguo na Ngazi: Shirika la Umma Kama Mwenye Nyumba



Nilikulia katika nyumba ya vyumba sita. Wengi wenu mnaijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma wenye choo, bafu na mahali pa kupikia. Mwenye nyumba alikaa chumba cha mbele, na kodi tulimpelekea mkononi. Bomba lilipokauka alijua kabla yetu, maana naye alichota hapohapo. Nimesomesha habari za makazi miaka mingi, na bado naona kwamba jambo hilo moja, mwenye nyumba kuchota maji bomba moja na mpangaji wake, mashirika yetu ya nyumba hayajapata la kuziba pengo lake.

Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, uhuru ukiwa bado mchanga. Kazi yake kubwa ya mwanzo ilikuwa kuondoa mabanda ya udongo na kujenga nyumba za saruji, na Magomeni, hapa Dar es Salaam, ikawa mfano wake. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini kila nyumba mpya ilisimama palipobomolewa nyingine, kwa hiyo vyumba vya mjini havikuongezeka kwa kiasi cha kutosha huku watu wakimiminika kutoka mikoani, na gharama ilikuwa kubwa. Serikali ikaachana na mpango huo. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ikageukia kupima viwanja na kuvifikishia barabara na maji huko Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Manzese ikaboreshwa watu wake wakiwa ndani, na mimi nauhesabu huo kuwa uamuzi wa busara kuliko yote yaliyofanywa katika makazi ya jiji hili. Viwanja vyenyewe ni habari nyingine: vingi viliishia mikononi mwa wenye kipato.

Sasa tuje Magomeni Kota, ambako nataka tukae kidogo. Kaya 644 zilikuwa zikiishi kwenye nyumba za zamani za halmashauri. Wakaondolewa, nyumba zikabomolewa, wakaahidiwa kurudi kwenye majengo mapya. Miaka ikapita, kiwanja kikabaki kitupu. Fikirieni hesabu ya mtu wa namna hiyo: anapanga chumba mahali pengine, dalali anadai mwezi wake, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mtoto anahamishwa shule. Mwaka 2016 Rais Magufuli alifika pale na kuwaahidi kwamba watajengewa na watarudi. Wakala wa Majengo Tanzania ukajenga, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua magorofa hayo kwa ajili ya kaya zile 644.

Nilifurahi nilipoiona idadi hiyo imetimia, na nasema hivyo kwa moyo wote. Lakini kati ya kubomolewa na kurudi ilipita takribani miaka kumi, na kilichowarudisha watu wale ni umoja wao. Walishikamana, wakatunza orodha ya majina yao, wakaenda kugonga milango. Mtaa usio na umoja wa namna ile ungetawanyika, na orodha ingeingizwa majina mengine.

Wenzetu wa Nairobi walijaribu njia nyingine Kibera. Mwaka 2009 familia za Soweto Mashariki zilihamishiwa nyumba 600 za muda Lang'ata, ili mtaa wao ujengwe wakiwa karibu. Familia mbili au tatu zikagawana nyumba moja, kila moja na chumba chake, jiko likawa la wote. Baadhi walipangisha vyumba hivyo kwa watu wenye kipato kizuri zaidi, wakarudi kwenye mabanda. Wapo waliowalaumu kwa tamaa. Mimi siwalaumu. Mtu anayepata riziki ya siku kwa siku akipewa kitu chenye thamani kuliko mapato yake yote, atakigeuza chakula na ada ya shule. Shirika linalotaka abaki humo lipange kodi kulingana na mfuko wake, na limwachie mahali pa kufanyia biashara.

Hilo la biashara niliwahi kuliona kwa macho Michenzani, Unguja, kwenye yale majengo marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu alikuwa akishusha kikapu kwa kamba kutoka dirishani. Ndani mlikuwa na vitumbua vimefungwa karatasi. Mtoto chini akavitoa, akatia sarafu, kikapu kikapanda. Baadaye kikashuka kidumu kitupu, kwa sababu maji hayakuwa yakifika juu. Mchoraji wa jengo lile alifikiria ngazi, madirisha na barabara pana. Ua wa vitumbua hakuufikiria, na aliyeachiwa jengo hakuwa na pampu ya kusukuma maji wala fundi wa kuitunza.

Kazi ya shirika la umma, kwa hiyo, naiona inaanzia siku ya kukabidhi ufunguo. Ni taa ya ngazini, tangi la juu, shimo la maji taka, na mtu wa kupokea malalamiko ambaye mpangaji anamjua kwa jina na anajua anakaa wapi. Mapato ya kukodisha maduka ya ghorofa ya chini yangesaidia, katika majengo mengi, kumlipa fundi wa kuvitunza vitu hivyo.

Ndugu zangu mnaoongoza mashirika haya, mmoja mmoja mlioko ukumbini: kabla tingatinga halijawashwa kwenye mtaa unaofuata, mpeni kila anayelala pale, awe mwenye nyumba au mpangaji wa chumba kimoja, karatasi yenye jina lake, namba ya nyumba atakayorudia, kodi atakayolipa na tarehe. Muisaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na nakala ibandikwe ofisini kwake.