Hasira ya Dakika Moja



Wahenga walituachia maneno mawili tu: hasira hasara. Jumapili ya leo tuyatafakari kwa kumtazama mtu wa kale, Charles Macklin, mwigizaji wa jukwaani. Alizaliwa kaskazini mwa Ayalandi mwishoni mwa karne ya 17, akajipatia jina London, katika jumba la michezo ya kuigiza la Drury Lane.

Tarehe 10 Mei, 1735, katika chumba walimopumzikia waigizaji, Macklin alimwona mwenzake, Thomas Hallam, amevaa wigi ambalo yeye alikuwa amelitumia jukwaani. Wakagombana. Hallam akalivua, akalirudisha. Tungedhani neno limekwisha. Kumbe maneno makali yaliendelea, na Macklin akamsukumia fimbo usoni. Ncha yake ikaingia jichoni. Daktari aliitwa, lakini kesho yake Hallam alifariki dunia. Mahakama ilimtia Macklin hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikamhukumu kuchomwa alama mkononi.

Tusiharakishe kumlaani. Ni wangapi kati yetu tumenuniana na ndugu kwa sababu ya hatua moja ya mpaka wa shamba? Wigi lilikwisha kurudishwa. Kilichobaki pale kilikuwa kiburi, na kiburi ndicho kilichoua.

Macklin alirudi jukwaani. Tarehe 14 Februari, 1741, aliigiza nafasi ya Shylock katika mchezo wa Shakespeare, yule mkopeshaji anayesimama mahakamani na kudai ratili ya nyama ya mwili wa mdeni wake. Waliomtangulia walimfanya Shylock kichekesho. Macklin alimwonyesha kuwa mtu halisi, mwenye uchungu na kiu ya kisasi. Sifa zake zikaenea.

Lakini siku ilifika ambapo yeye mwenyewe alisimama mahakamani akiwa mdai. Mwaka 1773 kundi la watu lilimzomea kwa ghasia katika jumba la Covent Garden, hata akaondolewa kazini. Aliwashtaki, na mwaka 1775 akashinda. Alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70, na adui zake walikuwa mikononi mwake.

Je, alidai ratili yake ya nyama? La. Aliomba walipe gharama za kesi, kisha wanunue tiketi za pauni 100 kwa onyesho la faida yake, za pauni 100 kwa onyesho la binti yake, na za pauni 100 kwa faida ya meneja wa jumba. Waliomfukuza kwa kelele aliwataka warudi waketi, wasikilize. Jaji, Lord Mansfield, alimwambia kwamba hajapata kuigiza vizuri kuliko siku ile.

Ndugu zetu, upole huo haukumfufua Hallam. Macklin alifariki mwaka 1797, na katika kanisa la Mtakatifu Paulo, Covent Garden, kibao cha kumbukumbu yake kina sura ya kinyago kilichochomwa kisu jichoni. Kosa halikufichwa, hata kanisani. Ila mkono ulioshika fimbo ulijifunza kuachilia.

Basi, kabla jua la leo halijatua, tujiulize: ni wigi gani tunalogombania, nalo lilikwisha kurudishwa? Tumwendee ndugu yetu leo, angali hai.