MCHORO UNAOBEBEKA

(Hotuba ya walimu wa darasa la ufundi, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Kamati ilitutaka tueleze tunachojifunza katika kukata kwa leza na kukata vinili, maana wazazi wengi wanatuuliza: mashine hizo zitawafaa nini watoto wetu siku tukiondoka hapa? Swali hilo ni la haki, nasi tumekuja kulijibu.

Leza ya karakana yetu hutumia gesi ya kaboni dioksidi. Aina hiyo ilibuniwa mwaka 1964 na Kumar Patel katika maabara ya Bell, Marekani. Mwali wake hauonekani kwa macho, lakini hukata plaiwudi na kadibodi kwa kufuata mchoro ulio ndani ya kompyuta. Mashine ya vinili haina moto. Ina kisu kidogo kinachokata tabaka la juu tu, na karatasi ya chini hubaki nzima. Herufi zikishakatwa hubanduliwa na kubandikwa penye kibao cha kisima, cha zahanati au cha shule.

Hapa tunatoa onyo. Vinili nyingi ni plastiki ya PVC. Ukiitia kwenye leza hutoa gesi yenye asidi, inayoumiza mapafu na kuozesha mashine kwa kutu. Kwa hiyo vinili ni ya kisu, na plastiki tusiyoijua hatuikati kwa leza. Tena, leza ikiwa kazini, haiachwi peke yake hata dakika moja.

Sasa tuje kwenye mchoro. Plaiwudi inayouzwa kama ya milimita 6 mara nyingi haifiki 6. Leo utapata 5.6, kesho 5.8. Tukitengeneza kigoda cha kuchomeka bila misumari, nafasi ikizidi kitacheza, ikipungua vipande havitaingia. Anayechora kwa tarakimu tupu hulazimika kurekebisha kila nafasi upya kila anapopata ubao mwingine. Sisi tunachora kwa vigezo, yaani tunaiandikia kompyuta kanuni: nafasi ni unene wa ubao, toa upana wa mkato.

Kwa nini kutoa? Kwa sababu mwali huunguza ubao kidogo, na nafasi hutoka pana kuliko ilivyochorwa. Ili kujua ni kiasi gani, tunakata mistari 10 sambamba, tunasukuma vipande vikutane, kisha tunapima pengo linalobaki. Likiwa milimita 2, kila mkato umekula 0.2. Basi ubao wa 5.6 tunauchorea nafasi ya 5.4. Ubao wa 5.8 ukija, tunabadili tarakimu moja tu ya unene, na nafasi zote za kigoda zinafuata.

Wazazi, hiyo ndiyo aljebra ambayo watoto hutuuliza ina faida gani. Maseremala wetu waliijua zamani kwa mikono: fundi hupima ubao kwanza, ndipo achonge tundu.

Na jibu la swali lenu ni hili. Mashine ni mali ya mradi. Mradi huisha, mashine huharibika, nasi wenyewe huenda tukarudi nyumbani au tukapelekwa nchi ya tatu. Mchoro wa vigezo hubebeka. Programu ya OpenSCAD ni ya bure, na hufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida bila intaneti. Kigali, kwa mfano, ilifunguliwa karakana ya namna hii mwaka 2016. Binti aliyejifunza hapa akifika mahali kama pale, atapima ubao wa huko, atabadili unene, ataendelea na kazi.

Tunaomba mambo matatu. Mosi, wasichana wapangiwe saa za kompyuta zisizogongana na saa za kuteka maji. Pili, mashirika yanapoleta mashine yalete pia vipuri, vipimio na feni ya kutolea moshi. Tatu, kazi ya vibao vya kambi wapewe vijana hawa, kwa posho inayostahili, badala ya kuagizwa mjini.