Simu Safarini: Tengeneza Kabla ya Kuondoka



Nimeombwa niseme machache juu ya kusafiri na familia ng'ambo. Sitasema juu ya pasipoti wala nauli; hayo kila mtu huyakumbuka. Nitasema juu ya simu, kwa kuwa ndiyo iliyoniaibisha.

Sisi wa miaka ya 1970 tulipotaka kuzungumza na mtu aliyeko Uingereza tulikwenda Posta, tukampa opereta namba, tukangoja kwenye benchi. Leo simu imo mfukoni, nasi twadhani kuibeba kwatosha. Sivyo.

Mwaka 2018 nilikwenda London na mama watoto na wanetu wawili. Sikuifungua laini yangu kwa matumizi ya nje, na nilipofika ikawa bubu. Nikanunua laini ya kule, na namba yake sikumpa mtu nyumbani. Siku ya pili mama yangu akalazwa. Mdogo wangu alinitafuta siku mbili asinipate. Nilipopata habari nikataka kutuma fedha. Benki ikapeleka namba ya uthibitisho kwenye laini ile ile iliyo bubu. Gharama za hospitali alilipa jirani. Mama alipona, na deni nimelilipa, lakini hata leo nikikutana na jirani yule huinamisha macho.

Kwa hiyo nawaachieni mambo matano.

Kwanza, kabla ya safari nenda kwa kampuni yako ya simu, ufunguliwe huduma ya nje. Uliza bei ya kupiga, ya kupokea na ya intaneti, maana ugenini hata anayepigiwa aweza kutozwa.

Pili, laini ya nyumbani usiitoe. Kama simu yapokea laini mbili, ya nyumbani ibaki kwa ujumbe wa benki, intaneti yake ukiwa umeizima. Ya kule iwe ya intaneti na WhatsApp.

Tatu, namba zote zihifadhi kwa kuanza na +255 mahali pa sifuri. Ukiipiga ile ya sifuri kwa laini ya Uingereza, haifiki Tanzania.

Nne, patana saa na wanaobaki. Tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba Uingereza iko nyuma yetu kwa saa 2, na miezi mingine kwa saa 3. Wakati huo wa kwanza, saa 3 usiku kwetu ni saa 1 jioni London.

Tano, kila mtoto apewe karatasi yenye namba za wazazi na anwani ya mnapolala. Betri huisha.

Vijana, ninyi mwazijua simu kuliko sisi. Wazazi wenu wakifunga masanduku, kaeni nao nusu saa muwatengenezee haya. Wanaobaki nyumbani nao wamo safarini. Tahadhari kabla ya athari.