Usiuze Ngamia kwa Bei ya Maziwa: Hotuba kwa Wasanii wa Garissa



Garissa haikosi muziki. Kundi la akina mama la Gargar lilitoka hapa na kurekodi albamu iliyobeba jina la mji huu, "Garissa Express". Leo vijana wanaimba kwa Kisomali na Kiswahili, harusini na mitandaoni. Kampuni ya kurekodi ikimpigia simu mmoja wao, ahadi zitafuatwa na karatasi ya kutia sahihi.

Mfugaji anajua tofauti ya kuuza ngamia na kuuza maziwa. Msanii akihamisha hakimiliki, ngamia ametoka bomani. Akitoa leseni ya muda, mwingine anakamua lakini ngamia bado ni wake. Swali la kwanza ni hilo: karatasi hii inauza au inakodisha?

Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" mwaka 1939, na haki za wimbo zikaenda kwa kampuni kwa shilingi 10. Wimbo ulizunguka dunia. Mwenyewe alifariki maskini mwaka 1962. Familia yake ilikuja kupata suluhu mwaka 2006.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kuhamisha hakimiliki hakuna nguvu bila maandishi yenye sahihi. Haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo ni urithi wa watoto. Lakini wimbo ulioagizwa, kama ule wa kampeni, huhesabiwa kuwa mali ya aliyeuagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Makubaliano hayo yaandikwe kabla ya kuingia studio.

Mezani, msanii aulize haya:

- Mkataba ni wa miaka mingapi na nyimbo ngapi?
- Pesa za mwanzo ni malipo, au ni deni litakalokatwa kwenye mapato?
- Gharama za studio na video ni za nani?
- Hesabu zitatolewa lini, na msanii ataruhusiwa kuzikagua?
- Mkataba ukiisha, nyimbo zinabaki kwa nani?

Kwa milio ya simu, marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yanataka fungu la mwenye wimbo lisipungue asilimia 52. Asikubali chini ya hapo.

Karatasi ikiwa ya Kiingereza kigumu, msanii aombe siku kadhaa, amwone wakili, afafanuliwe kwa lugha anayoielewa. Pia asajili kazi yake kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, apate ushahidi siku ya mzozo. Kampuni yenye nia njema haiogopi msanii anayesoma kabla ya kutia sahihi.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wimbo nao ni mali.