Bomba Kubwa la Chuma na Jina Lake Forodhani



Neno "bomba" katika lugha yetu lina kazi nyingi. Mahali watu watekapo maji kijijini paitwa bombani. Chombo cha kuvutia maji kisimani ni bomba. Na mrija mnene wa chuma uliofukiwa ardhini, huo nao ni bomba. Sisi twaelewana bila taabu. Lakini forodhani neno hilo peke yake halitoshi, na leo twapenda kueleza sababu yake. Maana kosa la jina lililofanywa bandarini huja kulipwa na mtu aliye mbali na bahari.

Tutwae mfano ulio karibu nasi. Mwaka 2017 Serikali za Uganda na Tanzania zilipatana kujenga bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hata Chongoleani, karibu na Tanga, mwendo wa kilomita 1,443. Njia yake yapita katika mikoa ya Geita na Shinyanga. Upana wa bomba lenyewe ni inchi 24, ndiyo kama milimita 610. Vipande vyake, kila kimoja urefu wa mita 18 hivi, vilikuja kwa meli hata Dar es Salaam, kisha vikapelekwa Sojo, katika wilaya ya Nzega, ili vivikwe gamba la kuhifadhi joto. Kwa sababu mafuta ya Uganda yana nta, nayo huganda yakipoa. Je, vipande kama hivyo vifikapo bandarini, karani wa forodha huviandika kwa jina gani?

Yeye haandiki jina tu, huandika namba. Tangu mwaka 1988 mataifa mengi hufuata orodha moja ya bidhaa, inayotunzwa na Shirika la Forodha la Dunia, lililoko Brussels. Tarakimu sita za kwanza za kila bidhaa ni zilezile katika nchi zote zinazoifuata orodha hiyo. Nasi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki twaitumia, na tangu mwaka 2005 tuna ushuru wa pamoja kwa bidhaa zitokazo nje. Vitu vilivyofanyizwa kwa chuma na pua vimo katika sura ya 73.

Ili kuipata namba ya bomba, yapasa kuuliza maswali matatu kwa taratibu.

Swali la kwanza: limefanyizwa kwa kitu gani? Bomba la chuma cha kusubu ni 73.03. Bomba la plastiki halimo kabisa katika sura hii; lake ni 39.17.

Swali la pili: lina mshono au halina? Bomba la pua lisilo na mshono ni 73.04, liwe jembamba au nene. Lakini likiwa limekunjwa kwa bamba na kulehemiwa, twaendelea na swali la tatu.

Swali la tatu: upana wake ni kiasi gani? Hapa mpaka ni milimita 406.4, yaani inchi 16 kamili. Bomba la mviringo lenye mshono, likipita kipimo hicho, huingia 73.05, lisipopita, huwa 73.06. Nacho kipimo ni cha nje, si cha ndani. Wanafunzi na wafanye hesabu hii: bomba lina upana wa ndani milimita 400, na unene wa chuma chake ni milimita 8. Apimaye ndani atasema halijafika mpaka. Lakini ongeza unene wa pande mbili, utapata 416, nalo limekwisha kupita. Tena bomba lenye milimita 406.4 barabara halikupita. Hilo ni 73.06.

Ndani ya 73.05 mna milango mingine. Mabomba ya kupitishia mafuta au gesi yana wao, na mengineyo, kama ya maji, yana wao. Aletaye bomba la maji ya kijiji au ya mgodi wa dhahabu hana ruhusa ya kuliandika kuwa la mafuta, ijapokuwa kwa macho yafanana. Wakaguzi hutazama hati za kiwanda na maandishi yaliyopigwa juu ya bomba. Rangi iliyopakwa haibadilishi kitu.

Labda mtu atasema, "Hayo ni mambo ya matajiri na makarani, yanihusu nini?" Ndugu, sisi watu wa Shinyanga twajua thamani ya bomba. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yatoka Ihelele, katika mkoa wa Mwanza, na kufika Kahama na Shinyanga mjini. Kijiji kinachongoja mabomba yake kikiletewa mzigo ulioandikwa vibaya, mzigo huzuiliwa bandarini, gharama ya kuuweka huzidi kila siku, na mtungi wa mama hukaa mtupu. Namba ikileta ushuru pungufu, hazina ya nchi imeibiwa. Ikileta ushuru uliozidi, anunuaye ndiye mwenye hasara.

Na sheria hailingani pande zote mbili. Forodha yaweza kudai ushuru uliopungua kwa muda wa miaka 5. Bali aliyelipa kupita kiasi hana budi kuomba arudishiwe katika miezi 12. Hata kazi iliyosamehewa ushuru lazima iandikwe namba ya kweli.

Basi, mfanya biashara na aulize Mamlaka ya Mapato kabla mzigo haujapakiwa melini. Sheria yampa nafasi ya kupata jibu la maandishi mapema. Na halmashauri ya kijiji inunuapo mabomba, iulize namba iliyoandikwa forodhani, iziweke hati zake. Wazee wetu walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.