Madeni ya Marehemu Katika Mirathi za Mahakama ya Mwanzo: Tunayoyaona Kilosa na Mikumi

Mada kwa semina ya watendaji wa kata na vijiji, viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa, na wasaidizi wa kisheria

1. Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie madeni na fedha za mzazi aliyefariki. Maana ya maneno mnaijua, nitaipitia haraka. Mirathi ni yote aliyoacha marehemu, pamoja na anayodaiwa na anayodai. Msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama akusanye mali, alipe madeni, kisha agawe kinachobaki. Mrithi hupata kinachobaki. Kwa mirathi za kimila na za Kiislamu mlango wetu ni Mahakama ya Mwanzo, chini ya Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, na kanuni za Tangazo la Serikali Na. 49 la mwaka 1971. Mirathi nyingine huongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352. Cheti cha kifo hutolewa na RITA. Hayo yanatosha.

Utaratibu nao haubishaniwi: gharama za mazishi, madeni, halafu mgawo. Sheria ya Kiislamu huweka wasia baada ya madeni, usiozidi theluthi moja. Deni la marehemu hulipwa kutoka kwenye mali ya marehemu, na mali ikiisha mrithi hadaiwi cha mfukoni mwake.

2. Tatizo lenyewe: Fomu Na. V

Kanuni za 1971 zinampa msimamizi miezi minne tangu ateuliwe, au muda zaidi mahakama ikiruhusu, apeleke orodha kamili ya mali na madeni kwenye Fomu Na. V. Baadaye huwasilisha hesabu kwenye Fomu Na. VI: nini kimeingia, nini kimetoka, nini kimeuzwa.

Fomu hizi tumezishughulikia kwa miaka. Upande wa mali hujazwa vizuri: nyumba ya bati, shamba la miwa Ruhembe na mipaka yake, baiskeli, mbuzi kwa idadi. Upande wa madeni huchorwa mstari wa kalamu, au huandikwa "hakuna". Hakuna, kwa mtu aliyechukua mbolea kila msimu, aliyekuwa na hisa na mkopo kwenye VICOBA na jina kwenye daftari la duka! Sisemi mahakama imezembea. Hakimu hana namna ya kuyajua madeni ambayo hakuna aliyemwandikia. Ila sisi tuliomo humu ndani tunayajua, maana yalitangazwa makaburini na sisi tukiwepo.

Msemaji wa familia husimama kabla watu hawajatawanyika: anayemdai marehemu, na anayedaiwa naye, aonane na familia. Ni desturi njema. Kinachoniumiza ni kinachofuata. Mtoto wa kwanza hujibu mbele ya watu kwamba madeni ya mzee ni yake. Watu huitikia kwa sifa, na tangu hapo wadai hawaitafuti tena mirathi, wanamtafuta yeye. Anarudi Morogoro au Dar es Salaam kwenye kazi yake ya bodaboda na kuanza kutuma fedha kwa simu kidogo kidogo, bila risiti wala shahidi. Miaka miwili baadaye wadogo zake wanagawana shamba sawasawa naye, na alicholipa hakionekani popote. Hapo ndipo ndugu wa tumbo moja wanaacha kusalimiana.

Simkatazi mtu kumlipia mzazi wake. Ni jambo la heshima na dini zetu zinalisifu. Ninachodai ni ajue kwamba analipa kwa hiari, na kwamba akitaka kurudishiwa kutoka kwenye mirathi, awe na karatasi.

Upande wa pili wa tangazo lile ndio umesahaulika kabisa. Anayedaiwa na marehemu hajitokezi. Aliyekodi shamba la mpunga, aliyekopeshwa gunia la mahindi, wote hunyamaza, na mjane hana ushahidi. Jedwali la Tano linamtaka msimamizi akusanye madeni hayo kwa bidii kama anavyokusanya mali.

Miwa ina ugumu wake. Mkulima wa nje wa Kidodi au Ruhembe anaweza kufariki miwa ikiwa shambani. Ikivunwa na kupelekwa kiwanda cha sukari, malipo hukatwa kwanza gharama za kukata na kusafirisha, na pembejeo kama alikopa. Watoto wakiona kiasi kilichobaki wanaamini wameibiwa na AMCOS, yaani chama chao cha ushirika, au na msimamizi. Mara nyingi hakuna wizi, ila hakuna aliyewasomea mchanganuo mstari kwa mstari.

Kwa watumishi na wastaafu kuna mambo mawili. Mikopo mingi ya benki kwa watumishi huambatana na bima ya mkopo, ambayo makato yake yameandikwa kwenye mkataba. Familia isipopeleka taarifa ya kifo na vielelezo, inaweza kuendelea kulipa deni ambalo bima ingelimaliza. La pili ni mikopo ya "kausha damu". Mkopeshaji anashikilia kadi ya benki na namba ya siri ya mzee, na mzee akifariki anaendelea kutoa fedha. Fedha hizo ni za mirathi, hana ruhusa ya kuzigusa. Na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Ulizeni leseni kabla ya kulipa.

Mwisho, vikao vya ukoo. Kwa Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, ambao ukoo hufuata upande wa mama, sauti ya mjomba ina uzito, na mara nyingi jina lake ndilo linalopelekwa mahakamani. Sina ugomvi na mila. Lakini anayejua nani anadai nini ni mjane, na mara nyingi yuko jikoni kikao kikiendelea.

3. Mapendekezo

Muhtasari wa kikao cha ukoo uwe na ukurasa wa madeni, wa pande zote mbili, na mjane au mgane aulizwe kabla haujasainiwa. Mtendaji asigonge muhuri kwenye muhtasari usio na ukurasa huo.

Tangazo la makaburini lisemwe na tarehe na mahali pa kuandikisha, ofisi ya kijiji ikiwezekana, na daftari liwepo.

VICOBA na SACCOS watoe taarifa ya hisa na mkopo wa mwanachama aliyefariki kwa maandishi, bila kusubiri kuombwa. Vikundi vyenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri viandike kwenye katiba zao deni la aliyefariki litabebwaje.

AMCOS zisome mchanganuo wa makato mbele ya msimamizi na warithi.

Msimamizi asigawe chochote kabla ya madeni. Akitumia mali vibaya, sheria inamtaka afidie hasara kwa mali yake mwenyewe. Tumwambie hilo siku anayoteuliwa.

Kila malipo yawe na risiti, hata ya karatasi ya daftari yenye sahihi mbili. Nimeshalisema, nalirudia.

Wasaidizi wa kisheria, nendeni na msimamizi mpaka Fomu Na. VI. Wengi tunaishia kwenye uteuzi.

Na ukurasa wa madeni, ndugu Mwenyekiti, naomba uanze kutumika Mikumi na Kidodi kwenye kikao cha ukoo kinachofuata, bila kusubiri waraka. Nakala tupu ziko mezani kwa katibu.