Kidole Kimoja Hakivunji Chawa

Juma hili nataka tuzungumze habari ya pesa: pesa ya kijana anayetafuta riziki kwa kupiga picha, na jinsi ilivyokwenda kununua kitu kizuri ambacho hakukihitaji.

Kijana huyu ni mpwa wangu. Anapiga picha za harusi hapa Dar es Salaam. Kumbi nyingi zina mwanga hafifu, na picha za mwanga hafifu hutoka na chembechembe, kana kwamba zimenyunyiziwa mchanga. Siku hizi ziko programu za akili mnemba zinazosafisha chembe hizo. Tatizo ni muda. Kwenye kompyuta yake, picha moja ilichukua dakika 6. Harusi moja ina picha 300. Pigeni hesabu: saa 30! Bwana harusi anadai albamu yake, na mpwa wangu anakesha.

Akaenda dukani, akashauriwa anunue prosesa mpya, ya bei kubwa na yenye kasi. Akavunja kibubu, akanunua. Picha ile ile ikachukua dakika 5 na nusu. Akanipigia simu: "Shikamoo mjomba. Hivi nimeibiwa?"

Hakuibiwa, ndugu zangu. Prosesa ilikuwa ni ile ile aliyoahidiwa. Ila aliuziwa dawa ya tumbo hali anaumwa jino.

Nilikwenda kwake, nikafungua dirisha linaloonyesha kila sehemu ya kompyuta inafanya kazi kiasi gani. Prosesa mpya ilikuwa imestarehe. Kilichokuwa kinatweta ni kile kisehemu kidogo cha michoro kilichomo ndani yake.

Sababu ni hii. Prosesa ni kama wapishi mabingwa 8 au 16: kila mmoja anaweza kupika chochote. Lakini kusafisha picha kwa akili mnemba si kupika, ni kuchambua magunia ya mchele. Picha moja ya kamera ina nukta milioni 24 au zaidi, na kila nukta inahitaji hesabu nyepesi za kuzidisha na kujumlisha, tena nyingi mno. Hapo bingwa hatakiwi, inatakiwa mikono. Kadi ya michoro ndiyo yenye mikono: NVIDIA RTX 3060, iliyotoka mwaka 2021, ina viini vidogo 3,584 vinavyokokotoa kwa pamoja.

Jambo hili si geni. Mwaka 2012, watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, waliishangaza dunia kwa programu ya kutambua picha iitwayo AlexNet. Waliifundisha kwa kadi mbili za michoro, za aina waliyonunua vijana kwa ajili ya michezo ya kompyuta.

Tukaazima kompyuta ya rafiki yake. Prosesa yake ni ya zamani, lakini ina kadi hiyo ya RTX 3060. Picha ile ile: sekunde 20. Saa 30 zikawa saa 1 na dakika 40.

Sisemi prosesa haina kazi. Kufungua mafaili, kuyahifadhi na kuendesha programu nyingine, hayo bado ni yake. Wala kadi hainunuliwi kwa jina tu. Tazameni kumbukumbu yake, maana ikiwa ndogo programu hukwama. Tazameni na umeme pia: kadi niliyoitaja hula hadi wati 170, na kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta lazima kiweze kuibeba.

Ushauri wangu ni mmoja. Kabla ya kufungua pochi, fungueni kwanza lile dirisha, mtazame ni nani anayefanya kazi na ni nani amelala. Haligharimu hata senti moja. Mpwa wangu amelijua hilo akiwa amekwisha kulipa. Ninyi mmelijua bure.

Hadi juma lijalo, kwaherini.